Siku ya Mioyo Yote

Jumamosi, 14 Februari. Asubuhi digrii nane chini ya sifuri, anga ya kijivu, theluji ya juzi imegeuka barafu. Mimi nimetulia. Kadi za maswali tu nimezihesabu mara tatu.

Leo ilikuwa chemsha bongo ya Februari kwenye ukumbi wa kanisa, hapa Rissne, Sweden. Maswali niliyaandaa mimi: sikukuu za mwezi huu, historia ya watu weusi, tuzo za filamu na muziki. Wakongo na Warundi upande mmoja, Wakenya na Watanzania upande wa pili.

Binti yangu Neema, miaka kumi na minne, hunijibu Kiswidi hata nikimwomba chumvi. Wiki hii alikubali kucheza na Wakongo, kwa Kiswahili, kwa sharti moja: nisimsahihishe mbele ya watu.

Nilikubali. Na refa ni mimi.

Maswali ya kwanza aliwaachia wenzake. Mwezi wa historia ya watu weusi ulianzaje kule Marekani? Mzee mmoja wa kwaya, upande wa Wakenya, akajibu sawasawa: kama juma moja tu. Ile tuzo ya muziki ya huko huko ina umbo gani? "Gramafoni! Sawa ile ya papa!" akadakia kijana wa Kikongo, yaani kama ile ya baba yake. Tukafika swali la mwisho wakiwa sare.

Leo ni siku gani? Kadi yangu ilisema Siku ya Wapendanao. Neema akanyoosha mkono.

"Siku ya mioyo yote."

Ndivyo Waswidi wanavyoiita, neno kwa neno. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Wanjiru, nahodha wa Wakenya, akasimama. "Haki, hiyo si jibu! Hiyo ni kliniki ya moyo!"

Neema akainamisha kichwa. Nilijua nikisema amekosea, nitasikia Kiswidi mpaka aolewe.

"Tuko Sweden," nikasema. "Hapa inaitwa hivyo. Pointi moja."

"Refa amezaa mchezaji!" Mama Wanjiru alipaza sauti, lakini akacheka, akampelekea Neema andazi la krimu kubwa kuliko yote.

Je, mtoto wa mwenzangu ningempa pointi hiyo? Nadhani ningempa. Sina hakika.

Tulirudi tumeshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Neema akaniuliza, kwa Kiswahili, wapendanao ni nani. Watu wanaopendana, nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Basi mioyo yote ni wengi zaidi."

Ni mingi, si wengi. Neno lilifika kwenye ulimi, nikalimeza.

Saa nne na nusu usiku. Nalala.