Mkono wa Kushoto wa Sweta

Gereji ya baiskeli,
6 Februari

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakubeba, shangazi hakuudhi kupita kiasi, na redio bado haisemi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mimi mumeo ni mzima kama tairi jipya, isipokuwa kidole gumba kilichobanwa na cheni jana. Kitapona kikiacha kujionea huruma.

Kwanza nijisifu, maana huku hakuna wa kunisaidia kazi hiyo. Bosi wetu, tunayemwita Mzee Breki kwa kuwa kila ukianza kusema anakusimamisha, ameniruhusu kunyoosha ringi peke yangu. Ringi ya gurudumu niliyoinyoosha mimi ukiizungusha haiyumbi, ungeweka chai juu yake isimwagike. Na ile kofia ya njano uliyonifumia nilipovunjika mguu, yenye antena mbili kama za roboti wa kwenye redio, bado ninaivaa. Imenibana kidogo, kichwa kimekua kwa akili. Wateja wananiita Bisibisi. Wanaosikiliza kile kipindi cha Gereji ya Angani wanaelewa, wasioisikiliza wanadhani nimechanganyikiwa. Juzi mtoto mmoja aliniuliza kama mimi ndiye Bisibisi mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nimekuja likizo, Fundi wa Anga amebaki na chombo cha angani.

Sasa tuache mchezo. Shangazi ameniandikia pembeni kwamba mtoto wa jicho ameiva, kulia na kushoto, kwamba nesi amekutafutia kitanda, na wewe umekataa. Anasema wiki iliyopita ulimimina chai pembeni ya kikombe ukashangaa mbona hakijai. Anasema uliliamkia koti langu la mvua lililoning'inia mlangoni ukaliuliza habari za nyumbani kwao. Bibi, koti? Likaitikia?

Nenda ukafanyiwe upasuaji, nakuomba. Nani ataona nilivyokuwa mzuri nikija?

Mumeo,
Mjukuu wako

*

Nyumbani,
17 Februari

Mume wangu uliyenitoroka,

Marahaba. Mimi nasema, shangazi yako anaandika, kwa hiyo makosa yote ya herufi ni yake. (Si kweli. Shangazi.) Magoti yapo, moja linapiga kelele kuliko mwenzake. Pole na kidole.

Koti halikuitikia, lakini limekushinda adabu, halikunijibu jeuri. Hospitali siendi. Jicho ni langu, sitaki mtu alisogelee na kisu. Gereji ya Angani naiona kwa masikio, na Fundi wa Anga hakuna aliyewahi kumwona hata mwenye macho manne.

Halafu angalia nani ananituma kwenda kumaliza mambo. Shule uliiacha katikati ya hesabu za sehemu, mpaka leo hujui robo imeishia wapi. Useremala uliuacha ukiwa umetengeneza kiti cha miguu mitatu, kipo hapa, kimeegemea ukuta. Tarumbeta ulijifunza kupuliza bila kujifunza kunyamaza. Wewe tangu nikulee hujawahi kumaliza kitu ila chakula.

Kwa hiyo tupatane. Nilikufundisha kufuma ulipokuwa kitandani na ile plasta ya mguu. Nifumie sweta la Fundi wa Anga, kama linavyosemwa kwenye redio: buluu iliyokoza, mistari miwili myeupe kifuani, mfuko wa spana upande wa moyo. Lije na mikono yote miwili. Nitalikagua kwa vidole, kitanzi kwa kitanzi. Nisipokuta tundu wala kitanzi kilichoanguka, siku ileile nafunga mzigo naenda kwa huyo daktari.

(Nimemwapisha. Ameapa akiwa ameshika redio. Shangazi.)

Mkeo,
Bibi

*

Gereji,
9 Machi

Mke wangu mwenye masharti,

Shikamoo, na goti lile la kelele lishikamoo peke yake. Mimi mzima, kidole kimepona na kimeanza kazi mpya.

Habari ndiyo hii: sweta limeanza. Uzi nimeupata kwa kufumua masweta ya shule ya mitumba, mawili ya buluu na moja jeupe. Nimeuosha, nimeukausha kwenye usukani wa baiskeli, sasa umenyooka kama mimi. Sindano nimetengeneza mwenyewe kwa spoku za gurudumu, nimezisugua ncha kwa msasa mpaka zinang'aa. Hakuna mfumaji mwenye sindano kama zangu, na ukisikia mahali zipo ujue ameniibia.

Wenzangu walicheka siku mbili. Siku ya tatu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumfumia mchumba wake soksi zenye picha ya chombo cha angani. Mzee Breki alisema tu, "Uzi usiingie kwenye cheni." Kwake hiyo ni baraka.

Mgongo niliumaliza Jumamosi wakati wa kipindi, nikahesabu vitanzi mia moja na kumi kama ulivyonifundisha. Tatizo ni dogo. Mgongo umetoka wa kumtosha pampu. Nimemvalisha pampu, amependeza, wateja wanamsalimia. Lakini wewe, Bibi, hata ukivuta pumzi mwaka mzima huingii.

Sijui kosa limetoka wapi. Hesabu zilikuwa zako.

Mumeo fundi,
Mjukuu

*

Nyumbani,
20 Machi

Fundi wa pampu,

Marahaba. Nimecheka mpaka shangazi akaniletea maji.

Hesabu zilikuwa zangu, na sindano zangu ni nene kama penseli. Wewe umefumia spoku. Hukufuma kwanza kile kipande cha kupimia, sivyo? Nilikufundisha: vitanzi ishirini, mistari ishirini, weka juu ya goti, pima kwa vidole, ndipo uhesabu mwili mzima. Lakini wewe tangu zamani unataka kufika kabla hujaondoka. Fumua. Tafuta sindano za watu, anza upya.

Afya yangu ni nzuri. (Alikosa ngazi ya mlangoni Jumanne, kiwiko kimevimba. Nesi anasema daktari wa macho atakuwa hapa mpaka tarehe kumi Juni tu, baadaye anahamia kwingine mpaka mwakani. Ananikataza kuandika haya, anadhani naandika salamu. Shangazi.)

Msalimie Mzee Breki.

Mkeo,
Bibi

*

Gereji,
28 Aprili

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Pole ya kiwiko. Usimgombeze shangazi, ukimgombeza mwandishi barua zitakuja tupu.

Nimefumua. Iliniuma kama kung'oa jino, pampu naye amebaki uchi. Nilichonga sindano mpya kwa kijiti cha ufagio, nene kama penseli, na nikafuma kipande cha kupimia. Nakitia kwenye bahasha hii ukipapase. Hicho ni kitu cha kwanza nilichomaliza mwaka huu, kiweke kwenye fremu.

Mpaka leo mgongo upo, kifua kipo na mistari miwili, mfuko wa spana upo na spana ndogo ilikaa ndani bila kuanguka, na mkono wa kulia upo. Mzee Breki aliuvaa mkono peke yake akatembea nao gereji nzima kama anapunga mashabiki. Umebaki wa kushoto, nao nimeuanza begani.

Mambo yote ni mazuri. Buluu inaendelea, usiulizeulize sana.

Mumeo,
Mjukuu

*

Nyumbani,
14 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Kipande cha kupimia ni kizuri, nimekipapasa mpaka kimechakaa. Wiki mbili umekaa kimya. Nikisikia kimya chako nakikumbuka kile kiti cha miguu mitatu.

Nimeanza kuambiwa nani amekaa wapi mezani. Sikutaka kukuambia hilo, nimejikuta nimelisema, na shangazi keshaliandika.

Bibi

*

Gereji,
24 Mei

Kwa Bibi, na shangazi anayesoma kwa sauti,

Shikamooni. Sikuwa nimeacha. Nilikuwa na shughuli ya uzi, nayo imekwisha.

Sweta hili hapa, mikono yote miwili. Lipapase kitanzi kwa kitanzi, alika na majirani wapapase. Mimi nimelikagua mara nne, na mara ya nne nilifumba macho ili niwe wewe. Huku joto limezidi, hata kofia siivai tena, kwa hiyo sweta livae asubuhi tu.

Mfukoni, pahali pa spana, kuna bahasha iliyofungwa kwa gundi ya kuzibia tairi. Shangazi, hiyo usiifungue, hata ukiwashwa. Ataifungua Bibi na kuisoma mwenyewe, kwa jicho lake, siku atakapoweza. Ikiwa hatakwenda hospitali, basi haitasomwa na mtu.

Mumeo aliyemaliza kitu,
Mjukuu

*

(Ndani ya bahasha ya gundi, kwa herufi kubwa)

BIBI, kama unasoma hii, shikamoo tena, maana sasa unaniona nikiinama.

Nimeandika herufi kubwa kama za kibao cha duka ili jicho lisisumbuke. Sasa tazama mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni kushuka. Ndiyo. Najua.

Buluu iliniishia kiwikoni. Nilizunguka mitumba yote, nikapata buluu ya mbingu, buluu ya sabuni, buluu iliyokwisha chakaa. Siku zilikuwa zinakwenda, na daktari ana tarehe yake. Nikawaza: Bibi anakagua kwa vidole, na vidole havijui rangi. Nikaifumua kofia. Antena zake nimezifunga kwenye kengele ya baiskeli ya Mzee Breki, hajui ni nani aliyezifunga.

Kwa hiyo nimekudanganya kwa njano. Lakini mimi naijua Gereji ya Angani kuliko wanaoitangaza. Kumbuka kipindi kile injini iliposhika moto, Fundi akaunguza mkono wa kushoto hadi kiwikoni. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaurekebisha. Kwa uzi gani? Hawakusema. Nani atabisha haukuwa wa njano?

Ukinigombeza nitafurahi, maana utakuwa umeona.

Mumeo mwongo,
Mjukuu

*

Nyumbani,
1 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Sweta lilifika jana. Nilikaa nalo mapajani saa nzima. Nilianzia ukosi, nikateremka mgongoni, nikahesabu mistari ya kifua, nikatia mkono mfukoni na bahasha nikaiacha palepale. Mkono wa kulia sina neno. Mkono wa kushoto nilipofika kiwikoni nilipumzika kidogo. (Alipumzika sana. Shangazi.)

Sikukuta tundu. Sikukuta kitanzi kilichoanguka. Nilimuuliza shangazi rangi, akasema ni buluu. (Nimeulizwa, nimejibu, siongezi kitu. Shangazi.)

Neno ni neno. Mzigo nimeshafunga, keshokutwa naenda. Naogopa, na wewe usimwambie mtu.

Bibi

*

Gereji,
9 Juni

Bibi, shikamoo. Shangazi, vipi? Andikeni hata mstari mmoja. Leo nimenyoosha ringi moja mara tatu, na mara zote ilikuwa imenyooka tangu mwanzo.

Mjukuu

*

Gereji,
16 Juni

Hata nusu ya mstari.

*

Nyumbani,
22 Juni

Mume wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile shikamoo ya bahasha. Leo shangazi yuko jikoni. Anayeandika ni mimi mwenyewe, kwa jicho la kulia na miwani niliyopewa. Mistari ikipanda mlima iache ipande. Nilimkataza shangazi asikuandikie, nilitaka habari hii uipate kutoka mkononi mwangu. Pole kwa kukuweka roho juu, nimelipiza wiki zako mbili.

Walipofungua bandeji nilimwona kwanza nesi, kijana sana, nikamuuliza kama mama yake anajua yuko pale. Nyumbani nimeona mengi. Redio ni ya kahawia, miaka yote naipiga nikidhani ni nyeusi. Shangazi yako ana mvi na hakuniambia. Koti lako la mvua ni baya, hata sijui nililiamkia kwa nini.

Sweta nilikwenda nalo hospitali. Nililitandaza kitandani, jicho likashuka begani, likafika kiwikoni, na njano ikanirukia usoni kama mtu aliyewasha taa. Nilicheka wagonjwa watatu wakageuka. Ile njano naijua, niliichagua mimi dukani, ulikuwa na miaka minane na mguu wako juu ya mito. Barua sikuwa hata nimeifungua. Nikaifungua, nikaisoma mara tatu bila msaada wa mtu. Kuhusu moto wa injini, mbishi wako hayupo. Nimekubali.

Sasa nikwambie na mimi langu. Unasema vidole havijui rangi. Ni kweli, lakini vinajua uzi. Uzi wa mitumba ni mkavu, na pale kiwikoni ulibadilika ukawa laini, nikajua kuna kitu kijana huyu amefanya. Ningeweza kukurudishia sweta na kubaki nyumbani na woga wangu, na kiapo kisingevunjika. Nililiweka mapajani nikawaza: ameficha rangi gani? Niliwaza mchana kutwa. Nyekundu? Zambarau? Shangazi anang'ang'ania buluu tu. Ndiyo iliyonipeleka, mume wangu. Nilikwenda ili nione.

Jicho la kushoto wanalifanya daktari akirudi mwakani. Hilo sikuwekei sharti, nitakwenda tu.

Wewe umebaki kichwa wazi kwa ajili yangu, na hiyo sitaki. Nimeshanunua uzi, njano ileile, na jana nimefuma kipande cha kupimia. Pima kichwa chako kwa kamba, uitie kamba kwenye bahasha. Pima kichwa chenyewe tu, majivuno usiyahesabu, uzi hautatosha. Na umnyang'anye Mzee Breki zile antena.

Mkeo mwenye jicho moja,
Bibi