Miwani ya Baba

Rodi Kopany, Jumapili

Ndugu yangu Zablon,

Sisi tuko salama. Mama amemaliza kuvuna njugu, anauliza utamletea lini omena, wale dagaa wa huko Muhuru.

Kinachonisumbua ni kompyuta ya Baba hapa dukani. Unakumbuka alivyokuza maandishi asilimia mia mbili kwa sababu ya macho? Tulipomzika niliyarudisha mia moja, maana fomu ninazowajazia wateja hazikuwa zinaenea kwenye skrini. Lakini kila asubuhi nakuta mia mbili tena. Fundi wa Homa Bay alifuta kila kitu, akaleta hata skrini mpya. Ufunguo wa duka ninao mimi peke yangu.

Ijumaa nilikuta mia tatu. Maneno machache yalijaza skrini nzima, na kwenye kioo kulikuwa na alama ya pua, kama ya mtu aliyesogea karibu sana ili asome.

Zablon, katika picha uliyotuma jana umevaa miwani. Si ndiyo ile niliyokupa umwekee Baba kwenye jeneza?

Ilete upesi. Barua hii nimeiandika kwa kalamu, sikuichapa. Sikutaka asome kwamba unayo wewe.

Dada yako,
Eucabeth