Uso wa Mama Uliopigwa Pasi

Tawa, Jumapili baada ya Krismasi

Ndugu yangu Mutua ameleta picha ya Mama kwenye fremu kubwa. Ni ile niliyompiga mimi juzi, ameketi mlangoni pa jiko, vile ninavyompiga kila Krismasi tangu Baba afariki. Lakini watu wa studio huko Mukuyuni wamemlainisha uso mpaka amekuwa kama sahani ya plastiki. Hata kovu la kuchomwa na uji wamelifuta. Halafu wakampaka lipstiki, mama wa kanisa ambaye hajawahi kupaka hata wanja.

"Si amependeza?" Mutua akauliza.

Akazishusha ukutani picha zote nilizompiga Mama, akatundika hiyo moja.

Nikamwambia Mama, "Mwambie aitoe. Huyo si wewe."

Mama aliitazama, akajifunga leso vizuri.

"Najua si mimi. Wacha ikae, Mwende. Hizi zako, kila Krismasi zinanionyesha vile naisha."

Nikaziokota picha zangu. Sasa zimo kwenye katoni chini ya kitanda changu, na sebuleni yule mwanamke wa plastiki anatabasamu kwa meno ambayo Mama alishang'olewa.