Mama Yangu Alisindikizwa

Kwako Mwaitu, mama uliyenilea,

Najua binti yako Kamene akianza kukusomea hii utamkatiza unisalimu "Wakya", kana kwamba nimeingia mlangoni. Nami nakujibu kutoka huku Uingereza: "Aa." Magoti yanaendeleaje? Kamene aliniambia mvua imewakumbuka Emali, na kwamba umepanda ndengu hata nyuma ya choo. Nilicheka, kisha nikaona wivu. Huku ndengu zinauzwa kwa pakiti ndogo ya kutia huruma, na mama mkwe anazipika na sukari. Nimezoea. Karibu nimezoea.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya duka la dawa inaendelea, baridi imenipasua midomo, na mume wangu Kiran bado ni yule mpole unayemjua, anayemwogopa mama yake kuliko polisi. Ningekupigia simu, lakini kila nikijaribu sauti inakatika, na si shida ya mtandao. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi, nikaipiga picha na kumtumia binti yako. Akusomee wewe peke yako, mkiwa mmefunga mlango. Baba yangu, huko dukani kwake, asisikie.

Unajua mimba zangu zimekuwa zikitoka. Hii ya mwisho sikumwambia mtu yeyote huko nyumbani, hata wewe, na naomba usinikasirikie. Mama mkwe alilia pamoja nami siku ile, akanikanda mgongo, akaninywesha maziwa ya manjano kijiko kwa kijiko. Si mtu mbaya, Mwaitu. Kila asubuhi anaoga kabla ya kugusa chochote, anawasha taa mbele ya miungu yake na kupiga kengele ndogo, na hata akiwa na homa haruki siku. Namheshimu kwa hilo. Ni vile vile wewe usivyokosa maombi ya alfajiri.

Basi alikwenda kumuuliza kuhani wa hekalu lao kwa nini nyumba yake haipati mjukuu. Kuhani akaniita, akauliza habari za wazazi wangu. Mama alikufa vipi? Nani alimsomea ibada ya mazishi? Bila kujua napelekwa wapi, nikasema ukweli: mvua ilikuwa imekata barabara na hakuna kuhani wa Kihindu aliyefika Emali. Akatikisa kichwa. Akasema roho ya mama yangu haijapata njia, bado inatangatanga, na ndiyo imenifunga tumbo. Dawa yake ni ibada kubwa ya kurekebisha ile ya kwanza.

Mama yangu! Aliyekuwa hawezi kumfukuza hata kuku wa jirani dukani, leo ndiye ananiulia watoto?

Lakini nilikubali. Nataka mtoto, Mwaitu. Namtaka mpaka ningeenda hekaluni kwa magoti kama wangeniambia. Nikajituliza kwamba ni maneno tu na maji kidogo.

Jumamosi iliyopita sebule ilijaa watu. Kuhani ni kijana mwenye sauti nzuri. Alinikalisha sakafuni kando ya Kiran, akanimiminia maji kiganjani pamoja na chembe za ufuta, akaniambia nirudie maneno yake kwa Kigujarati. Kwamba mama yangu aliondoka bila ibada. Kwamba baba yangu alikosea, na mimi binti yake namwombea msamaha.

Nikafungua mdomo, na badala ya maneno ikanijia ile mvua.

Nilikuwa mdogo, lakini siku ile ninayo yote. Mto ulikuwa umebeba daraja, stima imepotea mji mzima, na mwili haungeweza kungoja. Kuni zote za kumchomea zilikuwa zimelowa, basi mzee wako Mutiso akabomoa ghala lake la mahindi, kwa sababu humo ndimo mlimobaki mbao kavu. Baba hakuwa na kitabu. Alisimama na kiberiti, akiita jina la Mungu tu, lile moja analolitumia kila asubuhi akifungua duka. Wewe ulinibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito. Ukaanzisha wimbo wa kanisani kwenu, kwa Kikamba, na wanawake wa sokoni wakakuitikia mpaka moto ukashika.

Nakumbuka pia siku wazee wa kanisa walipokufuata jikoni kwetu. Mmoja akakuuliza, "Dada, wewe ni mtu wa kwaya. Unaenda aje kuimbia Mhindi akichomwa?" Wewe ulikuwa unachambua ndengu, na hukuacha. "Nilienda kusindikiza jirani yangu," ukamwambia. "Mkinitoa kwa kwaya nitaimba hapa kwa jikoni. Mungu anajua jikoni iko wapi." Wakakutoa kweli, wakakurudisha baadaye kwaya ilipokosa sauti. Lakini miezi yote hiyo uliimba jikoni, na huko ndiko nilikoujulia wimbo ule.

"Siwezi," nikamwambia kuhani.

Akainama, akaninong'oneza kwa upole kabisa, "Dada, ibada lazima ianzie mahali."

"Basi ianzie Emali," nikasema.

Nikawasimulia. Ghala, kiberiti, wimbo, wanawake wa sokoni. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Maji yakaanza kunivuja vidoleni, na Kiran akaweka kiganja chake chini ya changu akayakinga. "Mama yangu alisindikizwa," nikamalizia. "Siwezi kusema hakusindikizwa. Hata nikipewa mtoto kwa kusema hivyo, siwezi."

Kuhani akafunga kitabu chake. Wageni hawakujua kama wale au waende nyumbani. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyechukua sahani kwanza, wakamfuata, wakala.

Tangu siku hiyo mama mkwe hanisemeshi ila kuniuliza kama nimeweka chumvi. Simlaumu. Yeye anaamini Mungu ana mlango wake, na mlango una utaratibu. Mimi naamini Mungu alikuwa palepale kwenye mvua, na hakuna aliyempigia kengele. Pengine huko mbele tutaelewana, maana sote wawili tunaogopa kumkosea. Ila jana alivunja kimya chake. Alisema Jumapili atampigia Baba simu, amweleze alichosema kuhani, ili Baba mwenyewe aiombe hiyo ibada.

Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Unamjua Baba. Mvua kubwa ikianza anafunga duka mapema na hasemi na mtu. Miaka yote hii hajawahi kuwa na uhakika na alichokifanya siku ile. Akiambiwa kosa lake ndilo limewamaliza wajukuu zake, ataamini. Mimi mtoto naweza kuendelea kumngoja, na hata asipokuja nitalia na kuishi. Baba hataweza kuishi na hilo.

Nisalimie mzee Mutiso, na umwambie lile ghala lake limetajwa Uingereza. Msalimie Kamene, dada yangu tuliyegombania naye mgongo wako. Msalimie pia Kasyoka wa mboga, aliyeitikia wimbo kwa sauti kuwashinda wote.

Na Jumapili ukitoka kanisani, tafadhali usipitie nyumbani. Nenda moja kwa moja dukani ukae na Baba mpaka hiyo simu ije na iishe. Akikugeukia akuulize kama ibada yake siku ile ilitosha, usimjibu kwa maneno. Mwimbie.

Ni mimi, mtoto wa mgongoni kwako,
Hansa