Nilimkana Baba Kwenye Ngazi za Chongqing

Shangazi Qin mpendwa, mimi ni msomaji wa safu yako gazetini, naomba unisaidie, na ukiona ni lazima unitukane basi nitukane, nimestahili.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne hapa Wuhan, na tangu mwaka wa kwanza, wenzangu watatu wa chumbani walipokuwa wakitajiana kazi za baba zao, mimi nilisema wangu ni mhandisi wa madaraja huko Chongqing, kumbe ni bangbang, anawabebea watu mizigo kwa mti wa mwanzi begani, na mwanzi huo ndio ulionisomesha. Mwezi wa tatu wakasema twende Chongqing kutembea, safari ya kimaskini, mikoba mgongoni, treni ya viti vigumu, kitanda cha yuan thelathini katika chumba cha watu kumi, bakuli moja la tambi za pilipili tunakula wawili, nami nikakubali, maana mji ule una mamilioni ya watu, nikasema nitakutana naye wapi.

Nilikutana naye siku ya pili, Shangazi, chini ya ngazi za Chaotianmen, tunahamia hosteli ya bei rahisi zaidi kule juu na miguu imekwisha, Ruonan akamwita mzee mmoja aliyechuchumaa akaanza kumbana bei.

"Kumi kwa mkoba? Mzee, unataka kutuchuna ngozi? Sisi wenyewe tunashindia tambi!"

"Basi tano, binti zangu. Leteni."

Akainua uso, akaniona, akatabasamu, mdomo ukafunguka kuniita. Nikatazama pembeni. Ruonan akaniuliza, "We Peiwen, mbona anakukodolea macho hivyo, mnajuana?"

"Simjui hata kidogo," nikasema.

Baba akasema, "Samahani binti, nimekufananisha."

Akabeba mikoba yote minne hadi juu, naye ana miaka sitini na moja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika fedha za safari, mimi ndiye niliyemlipa, akazipokea kwa mikono miwili akaniambia asante. Tangu hapo anapiga simu kila Jumapili kama kawaida, ananiuliza nimekula nini, lile halitaji kabisa, ila alikuwa ameshanunua shati la kuvaa kwenye mahafali yangu mwezi wa sita na sasa anasema hatakuja, kazi ni nyingi. Nimwombe radhi kwa simu, Shangazi, au nimwache kama anavyotaka mwenyewe?

Peiwen, Wuhan

Binti Peiwen,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeiweka chini nikanywa maji. Pole. Aibu ya umaskini naijua, nimelelewa na mama mfagia barabara. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Eti "anavyotaka mwenyewe". Nani kakwambia? Baba yako hajakukasirikia, na afadhali angekasirika. Amekubaliana nawe. Anaamini kweli kwamba akitokea mahafalini na mabega yake yale atakuharibia siku, na hilo umemfundisha wewe, kwa maneno matatu.

Simu usipige. Ukimtaka radhi kwa siri, atabaki kuwa baba wa siri. Ulimkana mbele ya wasichana watatu, basi anza na hao watatu, leo hii, kabla hamjaenda kula. Waambie yule mzee waliyembana bei ni nani. Wa kucheka acheke. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe yako imekwisha. Huyo Ruonan wako naye ataona haya, mwache aone.

Jumamosi panda treni, kiti kigumu kilekile. Mkute pale anapongojea kazi, wenzake wakiwepo, umwite Baba kwa sauti. Atakwambia ondoka, watu wanatazama. Usiondoke. Atasema mwezi wa sita ana kazi. Mwambie bila yeye huendi kuchukua cheti. Na akikuuliza kama wale wasichana watakuwepo, maana lazima atauliza, mjibu kwamba watakuwepo, na kwamba wanajua yeye ni nani.