Mtoto wa Kwanza Ambaye Mama Hakumtaja

Kaka yangu mpendwa Nyaga,

Leo nimeshinda nikitoa pini zenye kutu kwenye karatasi za rais mstaafu. Ndiyo kazi iliyonizeesha hapa Nairobi, kutunza nyaraka za marais waliotoka Ikulu. Hatutupi kitu. Hotuba, kadi za Krismasi, hata kijikaratasi ambacho mkubwa mmoja aliandika pembeni, "chai ilikuwa baridi." Chai! Nimekifunga kwa karatasi laini, nikakipa namba, nikakilaza kwenye sanduku lisiloingia vumbi. Halafu nikakukumbuka wewe, usiye na jina katika sanduku lolote, nikaona haya.

Unakumbuka wakati wa Hali ya Hatari, wazungu walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, familia yetu ilipohamishiwa kile kijiji kilichozungushiwa handaki na vigingi kule juu Embu? Wewe ulikuwa Siakago kwa shangazi, ukichunga mbuzi. Karani wa chifu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watoto. Unajua kwetu watoto hawahesabiwi wote. Ukitaja idadi kamili umekionyesha kifo mlango, kwa hiyo mmoja hufichwa. Mama alitutazama mimi na wadogo zetu wawili, akajibu, "Watatu." Alikuficha wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na nguvu. Yalikuwa mapenzi, kaka. Naapa yalikuwa mapenzi.

Ulirudi ukivuta mbuzi, zawadi ya shangazi. Homugadi, mlinzi wa serikali pale langoni, akakushika, karani akaletwa na daftari lake, na jina lako halikuwemo. Kijana asiyeandikwa alihesabiwa mpiganaji wa msituni, basi.

"Huyu ni mtoto yangu," mama alilia. "Ni ile ya kwanza!"

"Mama, si wewe mwenyewe ulisema ni watatu? Sasa huyu ametoka wapi?"

Angemwelezaje? Wewe hukumlaumu hata kwa macho. Ulinipa kamba ya mbuzi ukaniambia, "Shika, isile mahindi ya watu." Wakakupandisha lori, na hatujakuona tena.

Mbuzi yule tulimchinja Krismasi. Nilikula, Nyaga. Njaa ya kijiji kile ilikuwa haina adabu, nikaramba hadi vidole. Na kwa kuwa jina langu lilikuwemo, nilipata kibali cha kutoka, nikapata shule, nikapata kazi hii. Kila hatua yangu ilianzia kwenye lile daftari ambamo wewe hukuandikwa.

Utasema, dada, umeishi na mafaili maisha yako yote, mbona hukunitafuta? Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Nilijua mafaili mengi ya bomani, ofisi ya mkuu wa wilaya, yalichomwa kabla wazungu hawajaondoka, lakini huo si udhuru. Niliogopa kuipata karatasi inayosema umekufa. Bila karatasi, niliweza kukuwaza ukiwa mzee mahali fulani, unabishana na wajukuu.

Mama tulimzika mwezi uliopita. Mimi ndiye msomi, kwa hiyo nikapewa kuandika historia ya marehemu ya kusomwa kaburini. Nilipokuandika wewe wa kwanza, wadogo zetu walishtuka. Mmoja akanishika mkono: "Dada, acha hivyo. Mama mwenyewe hakuwahi kutaja wanne. Unataka kutuletea msiba mwingine?" Nikaukata ule mstari wenye jina lako. Mchungaji akasoma kwa kipaza sauti kwamba marehemu ameacha watoto watatu, na watu wote wakaitikia, amina. Mimi pia niliitikia. Mama alikuacha kwa kutaka tuishi, na mimi nimekuacha kwa kukwepa maneno ya watu.

Hapa kazini hatufuti kosa lililokwisha kuandikwa. Tunaliacha, kisha tunaweka karatasi ya sahihisho kando yake. Barua hii naitoa gazetini iwe ndiyo sahihisho, na nakala nimeibandika kwenye ile historia ya mama. Wadogo zetu watanikasirikia, na wana haki.

Mama yetu alizaa watoto wanne. Wa kwanza ni Nyaga.

Nimewahesabu wote, kaka. Kama kifo kilikuwa kikingoja hesabu hii itimie, na kije, lakini kianze na mimi.

Pumzika popote ulipo, au uje nyumbani.

Dada yako anayekufuata,
Wanja