Bwana wa Utepe wa Kijani

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa umekula na umelala vizuri. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anapanda ngazi huku akizitukana moja moja. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mwanao, jino limeshatoka au bado anang'ata vidole vya wageni? Kile kikohozi chako kimeisha? Usiniambie kimeisha kama hakijaisha, nakujua.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu sina imani nayo siku hizi. Halafu kwenye simu utanichekesha, na nikishacheka nasahau nilichotaka kukuuliza. Basi vumilia mwandiko wangu.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa mwaka wa chama chetu cha waandishi wa sayansi. Unaikumbuka mikutano ile. Mara ya mwisho tulikwenda wote ukamaliza keki za meza nzima, nikajifanya sikujui. Sasa wameleta mambo mapya. Tunasimama mistari miwili tukitazamana, unaongea na aliye mbele yako, kengele ikilia unasogea kwa mwingine. Wanaita kujenga mtandao. Mimi naita kunusana. Kila mtu anatabasamu, na macho yake yako kifuani kwako yanasoma kama unafaa kusalimiwa.

Maana siku hizi kila jina lina utepe wake. Waandishi tulipewa buluu, wahariri mwekundu, wanasayansi mweupe. Halafu kuna wa kijani, hao eti ni "wadau". Nikamuuliza dada wa mapokezi wadau ndio kina nani, akasema ni marafiki wa sayansi. Haya. Mimi rafiki ambaye hasemi anafanya kazi wapi namwogopa kuliko mbwa asiyebweka.

Kabla sijaendelea, nikukumbushe ile habari ya viti vya chekechea. Nilikusimulia mwenyewe kwa simu mwezi uliopita. Kuna mtu wangu wa maabara aliyekwangua rangi ya vile viti vidogo vinavyouzwa mashuleni, akaipima baada ya saa za kazi bila ruhusa ya bosi, akakuta sumu ambayo mtoto hapaswi kuigusa, seuze kuilamba. Akijulikana ni yeye, kazi hana, na wazazi wake wote wawili ni wagonjwa na wanamtegemea yeye tu. Ndiyo maana habari ile ilijulikana na watu wachache sana. Yeye mwenyewe, mimi, mhariri wangu, na rafiki yangu anayeandika habari za hali ya hewa, aliyenisaidia kuisahihisha. Na wewe.

Sasa sikiliza. Kengele imelia, nimesogea, mbele yangu amesimama bwana mmoja mwenye utepe wa kijani, suti imemkaa, viatu vinang'aa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada, hongera sana! Nasikia unatuandalia habari nzito. Zebaki kwenye viti vya watoto wetu, jamani! Hivi nani anakupimia?"

Moyo ulinilipuka paa. Nikamwambia viti gani tena, kaka, mimi naandika habari za nyuki. Akacheka taratibu, kicheko cha daktari wa meno kabla hajashika koleo. Akanipa kadi yake. Kuna namba ya simu na neno "Mshauri", basi, hakuna kampuni wala anwani. Akaanza kuniuliza kama ni maabara ya serikali au ya watu binafsi, kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele namna ile.

Unajua nilimshuku nani kwanza? Rafiki yangu wa hali ya hewa, maskini. Asubuhi nilikuwa nimemwona kwenye chai akicheka na bwana yule yule. Wakati wa chakula nikahama meza. Kila alichofanya nikakipa maana: kwa nini ameangalia simu, kwa nini ameniletea maji bila kuombwa. Tulipokuwa tunatoka akanifuata mpaka getini. "Nimekukosea nini?" Nikasema kichwa kinauma. Alinitazama kwa huzuni, mimi nikasema moyoni, ona alivyo mwigizaji.

Jumanne mtu wangu wa maabara akanipigia kwa simu ya jirani, ananong'ona. Wakubwa wamewaita wafanyakazi wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa, wanauliza swali moja tu: nani amepima zebaki kwenye rangi ya viti? Kila mtu alisema si mimi, na wote walisema kweli. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamjibu sijui.

Nilipoweka simu chini ndipo neno lile likanipiga. Zebaki. Mdogo wangu, kwenye viti vile hakuna zebaki hata chembe. Kilichomo ni madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Wiki niliyokupigia nilikuwa naandika makala ya zebaki kwenye krimu za kung'arisha uso, neno limenikaa mdomoni, nikakwambia zebaki, tena nikarudia. Niligundua baadaye nikiwa naoga, nikasema potelea mbali, nitamrekebisha siku nyingine. Sikukurekebisha.

Mhariri na rafiki yangu walisoma makala yenyewe, na makala inasema risasi kuanzia kichwa cha habari. Mtu wa maabara amepima kwa mikono yake. Mimi na wewe tulifundishwa kazi na mhariri mmoja, na unakumbuka alivyowakamata wezi wa makala. Hakuangalia yaliyo sahihi, maana ukweli kila mtu anaweza kuufikia kwa njia yake. Alitafuta kosa. Makala mbili zikiwa na kosa lile lile, mmoja amemwibia mwenzake. Kosa langu la zebaki nililiweka kwenye sikio moja tu duniani.

Nilikaa kitandani nimeshika kiatu mkononi, nikashindwa kukivaa. Niliumia, sikufichi. Nililia kama tulivyolia siku tunakusindikiza uwanja wa ndege, ila safari hii nilikuwa nalia kwa hasira.

Sasa nayakumbuka maswali yako usiku ule. Maabara gani? Ya serikali au ya binafsi? Anapima saa ngapi? Nikadhani ni hamu ya kazi imekushika, nikafurahi kabisa kwamba bado u mwenzangu. Namshukuru Mungu sikukutajia jina, na hata leo sikutajii. Hata kama ni mwanamke au mwanamume, hilo nalo hutalijua kwangu.

Na lile la cheo. Uliniambia umepandishwa hapo mnapowaandikia watengeneza rangi vijitabu vyao. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, Mama akaenda kuwaringishia majirani. Sasa najiuliza cheo kile kilikuja lini, kabla ya simu yetu au baada yake? Najichukia kwa kuuliza, lakini nauliza.

Visingizio nimekutafutia, tena vingi. Pengine ulikuwa kwenye mkutano kama huu wetu, umesimama mstarini, mtu mkubwa yuko mbele yako, huna la kumwambia, ukaitoa habari ya dada yako ili na wewe uonekane una kitu. Hilo ningelielewa. Wote tumesimama pale tukiwa watupu, tukatamani ardhi itumeze.

Rafiki yangu wa hali ya hewa nimemwomba radhi, nikamweleza yote. Akasema, "Si ungeniuliza tu?" Nimeona aibu mpaka leo. Kwa hiyo wewe nakuuliza.

Makala inatoka Alhamisi. Mhariri alipeleka viti vingine kwenye maabara nyingine kabisa, majibu yamekuwa yale yale, kwa hiyo mtu wangu hatajwi popote. Mpaka sasa amepona kwa kosa langu, wanamtafuta mpima zebaki na hawampati. Alhamisi watajua cha kutafuta. Nilimwambia tunaweza kusubiri, akakataa katakata, akasema watoto wanalamba viti kila siku, chapeni. Roho ya chuma. Lakini usingizi hana. Amewanunia wenzake wote wa chumba kimoja cha kazi, hali nao, anadhani mmoja wao ndiye aliyemchongea. Wamekaa pamoja miaka, na hawana kosa lolote.

Siwezi kumwacha hivyo. Nitamwambia mdomo uliovujisha ni wangu, nilimsimulia mtu nisiyepaswa kumsimulia. Ataniuliza nani. Nipe jibu la kumpa. Niandikie kwa mkono wako ulimwambia nani na kwa nini. Kama ulijisifu tu, sema ulijisifu, nitakugombeza wiki nzima na yataisha. Kama ulipewa kitu, hilo nalo liandike. Ila usinipigie, nisije nikasikia sauti yako nikakubali lolote utakalosema.

Bahasha naifunga leo, lakini naiposti Alhamisi jioni, gazeti likishafika mikononi mwa watu. Sitaki uisome kabla ya hapo. Ndiyo, umeelewa vizuri.

Mama anakusalimu sana. Haya yote hayajui na sina mpango wa kumwambia. Shangazi mkubwa anadai picha za mtoto, anasema za mwezi wa nne zimechakaa kwa kuonyeshwa watu. Mjomba fundi saa amepata miwani mipya na anamsalimu kila mtu, hata wasiomfahamu. Nawe msalimie wifi yangu, na mtoto mbusu mashavu yote mawili, mwambie ni ya shangazi yake.

Mungu awakinge na mabaya, nyote watatu, na wewe akupe moyo wa kuniambia kweli.

Nikupendaye kama siku zote. Kazi hii yetu nimeifanya miaka yote nikiomba nisikosee. Leo naomba niwe nimekosea.

Dada yako.